Karatasi ya Kumpandisha Mjomba Ndege

Tarehe 6 Februari

Kwa binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea kwa mkono huu unaoandika,

Amani ya Mola ikutangulie mlangoni kabla ya karatasi hii. Sisi tu wazima, na shukrani ni kwake. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Kaka yako mkubwa anakusalimu pamoja na mkewe. Jirani yetu Fundi Saa anakusalimu. Binamu zako saba walioko ng'ambo wanakusalimu, nao kwa mpangilio wa umri ni yule wa benki, yule mshonaji, mapacha wawili, yule mwenye gari bovu, yule asiyeandika, na kitindamimba.

Ama baada ya salamu, mwaliko wa chuo chako kikuu nimeupokea. Nimefahamu kuwa tarehe 18 Juni utasimama mbele ya wakubwa wa elimu kuitetea tasnifu yako, na kwamba kila mwanafunzi huruhusiwa kuketi na jamaa mmoja. Umenichagua mimi. Nimeguswa kuliko nitakavyoandika. Nimefahamu pia kwamba safari ni saa tatu kwa ndege, na kwamba njia nyingine hakuna. Nitaliangalia jambo hilo. Goti langu la kulia limeanza kunisumbua.

Jana Fundi Saa aliniuliza unasomea nini. Nikamjibu kuwa unahesabu upepo. Akacheka mpaka kibano kikamdondoka. "Shehe," akasema, "umemsomesha mtoto miaka ishirini aje kuhesabu upepo?" Tafadhali nieleze, nimjibu.

Mjomba wako

---

Tarehe 27 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja, na dirisha linatazama ukuta, kwa hiyo nasoma sana. Msalimie mkaza mjomba na wote uliowataja, hata asiyeandika.

Umefanya vizuri kuuliza. Mwambie Fundi Saa hivi. Ndege ikiwa angani, hewa ya chini ya bawa ina msukumo mkubwa, ya juu ina msukumo mdogo. Ile ya chini huponyoka kupitia ncha ya bawa kwenda juu, na hapo hujikunja ikawa kisulisuli kilicholala ubavu, kimoja kila upande, virefu kwa kilomita nyingi. Ndege inakwenda zake, visulisuli vinabaki nyuma vinazunguka. Havionekani! Ndege ndogo ikiingia humo inaweza kubiringishwa kama mtu aliyevutwa shuka akiwa usingizini. Ndiyo maana uwanjani, ndege kubwa ikiondoka, ndege ndogo husubiri kwanza.

Swali langu ni isubiri kwa muda gani. Nimeigawa hewa ndani ya kompyuta kwa wavu wenye vijumba milioni arobaini. Kila hatua ya muda, kila kijumba kinawauliza majirani zake upepo ukoje kwao, kisha kinajirekebisha. Naangalia kisulisuli kinazaliwa, kinazeeka, kinakufa.

Nafurahi sana umependa kujua. Nikutumie picha za ndege zilizobiringishwa?

Mpwa wako

---

Tarehe 20 Machi

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na Mola akuzidishie ufahamu. Mkaza mjomba wako anakusalimu, na wote niliowataja mwezi uliopita wanakusalimu kwa mpangilio uleule, ila mapacha wamegombana na wasitajwe pamoja.

Barua yako niliisoma kwa sauti mara moja sebuleni, na kimoyomoyo mara tisa. Picha si lazima.

Goti la kulia limepona, lakini maumivu yamehamia la kushoto. Isitoshe, paa la darasa langu linahitaji kutazamwa mwezi Juni, na si jambo la kumwachia mtu. Sijasema kuwa sitakuja. Nimesema kuwa mambo yapo.

Kwa ajili ya elimu tu, ningependa kujua yafuatayo. Ndege niliyokatiwa tiketi ni kubwa au ndogo? Je, kuna ndege ya kwanza kabisa asubuhi, isiyotanguliwa na nyingine yoyote? Na ikiwa visulisuli havionekani, rubani huvikwepa kwa kutazama nini?

Fundi Saa nimemjibu. Hakucheka tena. Alisema tu, "Shehe, kumbe hewa nayo ina mashimo," akaendelea na kazi yake, nami tangu siku hiyo sijamtembelea.

Mjomba wako

*(Kikaratasi kilichopenyezwa ndani ya bahasha hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine.)*

Mwanangu, naandika yeye yuko msikitini. Hayo magoti hayana kitu. Juzi kamkimbiza paka hadi barabarani. Anaogopa ndege. Kitanda kakihamisha hadi ukutani, hataki kulala chini ya feni, eti feni nayo ni mabawa. Wewe endelea kumwandikia hivyo hivyo, utamuua. Usimwambie nimesema. Mkaza mjomba.

---

Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa magoti, la kulia na la kushoto. Mimi sijambo, na ukuta wangu haujambo.

Nimefikiri nilikuandikia mambo makali bila kukuandikia mwisho wake. Mwisho wake ni mwema. Ndege yako ni ya wastani, na kwa bahati mbaya si ya kwanza asubuhi. Inafuata moja kubwa. Lakini sikiliza. Kwa hesabu zangu, kisulisuli cha ndege hiyo kubwa kinakufa baada ya sekunde tisini. Tisini tu! Viwanja husubiri dakika mbili, hata tatu, kumbe wanapoteza muda. Tasnifu yangu itasema hivyo, na wakubwa wa viwanja wanaisubiri kwa hamu, maana ndege nyingi zaidi zitaondoka kwa saa moja.

Msimamizi wangu, tunayemwita Miwani Miwili kwa kuwa moja huivaa machoni na nyingine kwenye nywele, ameniuliza mara mbili kama nimelinganisha hesabu na vipimo vya uwanjani. Nimemwambia bado kidogo. Ni mambo madogo.

Kwa hiyo Mjomba, panda bila wasiwasi wowote. Simaanishi kwamba una wasiwasi.

Mpwa wako

---

Tarehe 24 Aprili

Kwa mpwa wangu,

Amani ikufikie ukiwa umeketi, kwa kuwa barua hii si ya kusomwa wima. Wote hawajambo. Mapacha wamepatana.

Nimezipokea sekunde tisini. Ni habari njema, na sina sababu ya kutokukuamini. Ila unaijua desturi ya darasa langu. Kwa miaka arobaini sijatia sahihi kwenye shahada ya mwanafunzi yeyote ila kwa kisomo nilichokisikia mwenyewe, neno kwa neno, tangu mwanzo hadi mwisho. Ulipokuwa na miaka tisa uliruka mstari mmoja, nikakunyima sahihi wiki tatu. Marehemu mama yako hakusema nami siku mbili. Wiki ya nne ulikuja ukausoma ule mstari pasipo kuulizwa, nami nikatia sahihi kwa wino mweusi.

Basi ndani ya bahasha hii mna karatasi niliyoiandaa. Inasema hivi: *Mimi niliyetia sahihi hapa chini nimehesabu mwenyewe, na ninashuhudia kwamba mjomba wangu apande ndege inayoondoka sekunde tisini baada ya ndege kubwa, wala hatabiringishwa.* Pahali pa sahihi nimepapigia mstari kwa rula.

Tia sahihi uirudishe. Goti litapona siku hiyohiyo. Hata paa litangoja.

Mjomba wako

---

Tarehe 29 Mei

Kwa mpwa wangu,

Wiki tano zimepita. Nimekwenda posta kila siku isipokuwa Jumapili, na Jumapili nimepita mbele ya mlango wake. Karani ameniambia, "Mzee wangu, hata ukilala hapa, barua haiji kwa kukodolewa macho."

Mkaza mjomba wako alikupigia simu. Ukamwambia u salama na una kazi nyingi. La kwanza limenifurahisha; la pili sikulisadiki. Mimi, kama ujuavyo, simu siipendi. Neno la simu likikosewa halifutiki, na likiwa jema halisomwi mara ya pili. Lakini juzi niliishika, nikabonyeza namba zako zote ila moja, nikaiweka chini.

Siku yako ya kusimama imebakiza wiki tatu. Kama karatasi yangu imekuudhi, ichane. Magoti yote mawili hayaumi.

Mjomba wako

---

Tarehe 3 Juni

Shikamoo Mjomba wangu,

Nisamehe. Sitaanza na ukuta leo.

Karatasi yako imekaa mezani mwangu tangu ilipofika. Mara tatu nilishika kalamu. Mara ya tatu nilifika hadi herufi ya kwanza ya jina langu, ndiyo hiyo alama ya wino unayoiona, kisha mkono ukakataa. Nimeirudisha tupu.

Katika droo yangu ya pili mna vipimo vya uwanja mmoja wa ndege. Walikipima kisulisuli halisi kwa chombo cha miale ya mwanga, na baada ya dakika mbili na nusu bado kilikuwa kinazunguka kwa nguvu. Niliviona tangu Desemba, Mjomba. Nilivifunika kwa kamusi.

Kisulisuli hakifi baada ya sekunde tisini. Wavu wangu ndio unaokiua. Moyo wa kisulisuli ni mwembamba, na vijumba vyangu ni vikubwa. Kila kijumba kikimuuliza jirani na kuchukua wastani, ile nguvu inafifia kidogo, na hatua inayofuata kidogo tena, kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Nilijua. Nilijiambia ni mambo madogo. Ningewaambia viwanja vyote wasisubiri, na nisingeona haya, kwa sababu watu wa ndani ya hizo ndege sikuwa nawajua. Kisha ukanipa wa kumjua.

Nikaenda kwa Miwani Miwili. Nikamwambia, "Profesa, siwezi kumpandisha mjomba wangu."

Akaishusha miwani ya kwenye nywele, akaivaa juu ya ile ya machoni. "Mjomba gani tena?"

Nikamsomea karatasi yako. Akasema, "Mwaka wa kwanza kabisa nilitakiwa nikuulize kama una mjomba."

Wamenisogeza hadi tarehe 22 Oktoba. Hiyo ndiyo ya mwisho. Ikipita sijamaliza, naondolewa chuoni, na miaka mitano imekwenda na maji. Nimeuacha wavu. Sasa nakigawa kisulisuli chenyewe katika chembe laki moja, na kila chembe inabeba mzunguko wake inakokwenda, haimwachii jirani. Haififii ovyo. Tatizo ni moja. Kila chembe inasukumwa kidogo na kila chembe nyingine, kwa hiyo lazima kila moja iulize hali ya zote, moja moja, kama salamu za barua zako. Laki moja kwa laki moja ni salamu bilioni kumi kwa kila hatua! Kompyuta inataka miezi minane. Mimi nina minne na nusu.

Mpwa wako

---

Tarehe 22 Juni

Kwa mpwa wangu, nuru ya nyumba hii,

Karatasi tupu nimeipokea. Nimeiweka pamoja na shahada za wanafunzi wangu, ya juu kabisa. Sitasema zaidi, ila kwamba ule mstari umeusoma tena pasipo kuulizwa.

Sasa salamu, ambazo safari iliyopita nilizikatisha kwa hofu. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Kaka yako mkubwa na mkewe wanakusalimu. Fundi Saa anakusalimu, na saa yangu ameirekebisha. Yule wa benki anakusalimu. Yule mshonaji anakusalimu. Pacha wa kwanza

Hapo nilikatizwa. Nakueleza yaliyojiri, si kwa kuwa nayaunga mkono, bali ili nikushtakie. Mkaza mjomba wako alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akisoma.

"Wewe mzee, karatasi imejaa na hujasema kitu! Hao wa ng'ambo si uwafunge furushi moja? Andika 'wote wa ng'ambo wanakusalimu,' basi."

"Na mwenye gari bovu akisikia hakutajwa?"

"Atasikia wapi, na yuko huko? Watu wakiwa mbali sauti yao ni moja tu. Wakija hapa mlangoni ndiyo umuulize mmoja mmoja na gari lake. Wa karibu kwa majina, wa mbali kwa mkupuo. Hebu nipe hiyo kalamu!"

Sikumpa. Lakini nafasi ilikuwa imekwisha, na kwa aibu kubwa naandika: wote wa ng'ambo wanakusalimu.

Mjomba wako

---

Tarehe 30 Septemba

Shikamoo Mjomba, na shikamoo ya pekee, ya kupiga magoti, kwa mkaza mjomba,

Nimekaa kimya miezi mitatu, lakini safari hii si kwa kujificha. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za posta, na nilipofika kwenye "wa mbali kwa mkupuo" nikakaa chini watu wakiniruka.

Ndiyo hivyo hasa! Chembe za karibu ziulizane moja moja. Zile za mbali zifungwe furushi, furushi lote litoe salamu moja, kwa uzito wa wote waliomo. Wataalamu wameijua njia hii zamani. Nami nilikuwa nimeisoma, nikaiogopa, kwa kuwa kuiandika kunavunja mgongo na vitabu vyake vinaieleza kwa kurasa sitini. Mkaza mjomba ameieleza amesimama nyuma ya kiti. Nikaiandika miezi yote hii. Miezi minane imekuwa siku ishirini na tatu.

Kisulisuli cha ndege ile kubwa kinaishi sekunde mia moja sitini na nane. Nikaondoa kamusi, nikatoa vipimo vya droo. Tofauti ni sekunde sita. Miwani Miwili alivua miwani yote.

Karatasi yako nimeiandika upya, na namba ni hiyo mpya. Nimetia sahihi kwa wino mweusi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Naiogopa tarehe 22. Nikiukaribia ule ukumbi, nageuza njia. Nakuambia wewe kwa kuwa wewe huogopi kitu.

Mpwa wako

---

Tarehe 20 Oktoba, saa nne na robo asubuhi, ndani ya ndege, kiti cha katikati

Kwa mpwa wangu,

Barua hii nitakukabidhi mkononi, kwa kuwa posta haiwezi kunitangulia. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Alinisindikiza hadi pale wasiposindikiza tena, akaniambia, "Ukirudi bila huyo mtoto kufaulu, kitanda chako utakikuta chini ya feni."

Mpwa wangu, magoti yangu hayakuwa na kosa lolote. Niliogopa. Niliogopa Februari, nikaogopa Machi kwa ziada, na ninaogopa hivi sasa, kama mwandiko unavyokuonyesha. Umeandika kwamba siogopi kitu. Sikuweza kukuacha uingie ukumbi ule na shahada isiyo ya kweli juu yangu, ilhali wewe uliikataa ya kwako.

Ndege hii haijaondoka. Tumesimama mwanzo wa njia. Nilimkabidhi mhudumu karatasi yako ampelekee rubani. Aliisoma, akaisoma tena. "Babu, hii imeandikwa na nani?"

"Na aliyehesabu."

Akaenda nayo mbele. Amerudi akitabasamu. "Rubani ameisoma. Anasema ufunge mkanda."

Ndege kubwa imeondoka mbele yetu sasa hivi. Nimeshika tasbihi. Kwa wiki mbili nimejizoeza kwa saa ya Fundi Saa, na kila punje ni sekunde mbili kamili; kwa hiyo punje themanini na nne ndizo hesabu yako. Ninahesabu kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia.

Jirani yangu, kijana mwenye tai, ananiuliza, "Unaomba, mzee?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Upepo."

Amesogea kidogo upande wa dirisha.

Sitini. Sabini. Themanini. Themanini na nne, na hatujasogea. Tisini. Tisini na tisa, tasbihi imekwisha, na ndiyo kwanza magurudumu yanaanza kuzunguka. Punje kumi na tano za ziada.

Nadhani rubani naye ana mjomba.

Naweka kalamu. Tutaonana mlangoni.